Wimbo wa "Ndio Mzee" Unatusema Sisi

Nimechoka kusikia albamu ya Machozi Jasho na Damu ikisifiwa kwa sababu zisizo zake. Nimechoka zaidi kusikia ikibezwa kwa sababu zisizo zake. Professor Jay aliitoa mwaka 2001. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na bado ukikaa na wapenzi wa hip hop, au na sisi tunaojiita watu wa vitabu, utasikia maoni yale yale yakizungushwa kama kikombe cha kahawa barazani. Mmoja atasema "Ndio Mzee" ilikuwa vichekesho tu. Mwingine atasema zile ni siasa, fasihi iko wapi? Wa tatu: mbona hakutaja majina, si aliogopa? Wa nne atacheka na kuuliza kama si yeye huyo huyo aliyekuja kuwa mbunge. Wa mwisho atahema na kusema enzi zile bwana, siku hizi muziki hakuna.

Nitayapitia moja moja. Hoja yangu naitaja sasa hivi, ili anayetaka kuninunia aanze mapema: maoni yote hayo, hata yale ya sifa, yanafanya kazi moja. Yanamtoa msikilizaji ndani ya wimbo. Yanamkalisha pembeni, miguu juu, amtazame mwanasiasa anavyosemwa. Wakati wimbo wenyewe haukumweka pembeni hata kidogo. Ulimweka katikati ya uwanja na ukampa na mstari wake wa kusema. Mstari huo tumeusema miaka yote hii, kwa sauti kubwa, bila kujiuliza ni nani anayesemwa.

Kwa wadogo zangu ambao mwaka ule walikuwa hawajazaliwa, maelezo kidogo. Joseph Haule alitokea kundi la Hard Blasters, lililotoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000, ile yenye "Chemsha Bongo". Alipotoka peke yake alifanya kazi na P-Funk Majani wa Bongo Records, ikazaliwa Machozi Jasho na Damu. Ndani yake kuna "Ndio Mzee". Mgombea amepanda jukwaani na anamwaga ahadi. Wanafunzi watapelekwa mwezini kufanya masomo yao ya vitendo. Mabomba yatatoa maziwa. Umaskini atauondoa, ugonjwa atauondoa, kila kitu kitawezekana akishapewa kura. Kila akimaliza kuahidi, umati unamjibu kwa maneno mawili ambayo ndiyo jina la wimbo.

Tukumbuke na wakati wenyewe. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ukawa 1995, wa pili 2000. Albamu inatoka vumbi la kampeni halijatua vizuri. Tena Januari 2001 watu walipigwa risasi Zanzibar, Pemba zaidi, katika maandamano ya kupinga uchaguzi ule. Kwa msikilizaji wa mwaka huo, neno damu kwenye jina la kaseti halikuwa pambo.

Sasa tuanze na wale wa vichekesho.

Wanaosema "Ndio Mzee" ni komedi hawajakosea kwamba inachekesha. Inachekesha kweli. Lakini nawauliza: mnamcheka nani? Utajibiwa haraka: mwanasiasa, bila shaka, mwongo yule. Haya, mtazameni tena. Mgombea yule anaijua kazi yake. Anajua akiahidi kisima, mtu wa nyuma atauliza kisima cha mwaka juzi kiko wapi. Akiahidi maziwa kwenye bomba hakuna atakayeuliza, maana bomba la maziwa halijawahi kuahidiwa na mtu, kwa hiyo halina deni la nyuma. Ahadi kubwa kupita kiasi ina usalama wake. Mtu anayejua hivyo si mjinga. Wa kuchekwa ni yule anayesimama juani saa tatu, nyumbani kwake ndoo tupu zimepanga foleni, halafu anaitikia maziwa.

Albamu hiyo hiyo ina wimbo mwingine, "Bongo Dar es Salaam", unaotembea mjini na kuonyesha watu wanaoishi kwa ujanja. Jiji lenyewe tumelipa jina la ubongo: ukilaza akili umeliwa. Ziweke nyimbo hizo mbili pamoja, kama mwenye albamu alivyoziweka, uone. Mtu wa mjini hanunui simu Kariakoo mpaka aijaribu laini, aibonyeze kila kitufe, aiweke chaja aone kama inaingiza. Noti akipewa anaimulika. Konda wa daladala akimrudishia chenji pungufu ya shilingi mia, safari nzima ni kelele. Mtu huyo huyo, mwenye macho manne sokoni, akifika mkutanoni anafumba yote. Anapokea mwezi, anapokea maziwa, hadai risiti. Hilo swali sijasikia wapenda komedi wakilijibu: ubongo wa Dar es Salaam unabaki wapi siku ya mkutano?

Halafu kuna jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Wimbo huu ukipigwa ukumbini, msanii anasema maneno ya mgombea na ukumbi mzima unaitikia "ndio mzee". Kwa furaha, mikono juu. Hakuna aliyelazimishwa. Umati wa ndani ya wimbo na umati wa ukumbini unakuwa umati mmoja, unasema maneno yale yale kwa sauti ile ile. Mtego umewekwa mchana kweupe na tunauingia tukicheza. Anayesema hizo ni komedi tu naye yumo ndani ya mtego huo, anashangilia.

Tuwageukie wenzangu wa vitabu, maana na sisi tuna letu. Utasikia: ujumbe upo lakini fasihi haipo, yule anahubiri siasa kwa vina. Jamani. Tunafundisha watoto kwamba fasihi simulizi ina fanani na ina hadhira, na kwamba hadhira yetu haikai kimya: inaitikia, inauliza, inaimba. Paukwa, pakawa. Hadithi, hadithi njoo. Tunaandika hayo ubaoni, wanafunzi wanakariri, mtihani unaulizwa. Halafu anatokea kijana mwenye kaseti anachukua uhusiano huo wa fanani na hadhira na kuufanya ndio mada yenyewe ya utungo wake, na sisi tunauliza fasihi iko wapi! Tena mwenzake mmoja katika Hard Blasters jina lake la usanii ni Fanani. Sijui tulitaka watuandikie barua.

Mwenye kutaka nasaba, nasaba ipo. Baada ya Azimio la Arusha tulikuwa na ngonjera. Mathias Mnyampala ndiye aliyeieneza, pamoja na chama cha UKUTA. Waliosoma shule za msingi miaka ile wanaijua: watoto wanapangwa mistari miwili mbele ya mgeni rasmi, upande mmoja unajifanya hauelewi siasa ya Ujamaa, upande wa pili unaeleza, na mwisho wasioelewa wanakiri wameelewa, mgeni anapiga makofi, soda zinafunguliwa. Umbo la ngonjera lina mwisho unaojulikana kabla ya kuanza: lazima mtu akubali. Sasa kisikilize "Ndio Mzee" ukiwa na umbo hilo kichwani. Kuna mwelezaji, kuna wakubalifu, kuna mwisho unaojulikana. Professor Jay amechukua ngonjera ya shuleni na kuipindua ndani nje kama soksi. Anayejua ni mwongo, na wanaokubali hawakupitia hata hatua ya kutokuelewa. Wamekuja wamekubali tayari. Huo ni uhakiki wa utanzu mzima wa ushairi wetu wa siasa, na ulifanywa kwa biti, mitaani, bila ruzuku ya mtu.

Na kama ngonjera haitoshi, tuna tamthilia. Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1963, akaja kulirekebisha na kuliita Juliasi Kaizari mwaka 1969. Watu wengi huikumbuka kwa visu. Mimi huikumbuka kwa umati. Brutus anasimama anaeleza kwa nini Kaizari ameuawa, umati unamwitikia, wengine wanataka hata yeye ndiye awekwe kuwa Kaizari. Antonio anasimama baadaye kidogo, uwanja ule ule, watu wale wale, nao wanaitikia kinyume chake na kwenda kuchoma nyumba. Njiani wanakutana na mshairi mmoja. Kosa lake ni kuwa na jina linalofanana na la mmoja wa wauaji. Anajieleza kwamba yeye ni mshairi tu. Wanammaliza. Rais wa kwanza wa nchi hii alikaa usiku na kazi hiyo, neno kwa neno, wakati wananchi wakimshangilia kila alikokwenda. Sidhani kama mtu anayefasiri maneno ya umati ule anaweza kuusikiliza umati wake mwenyewe bila kujiuliza jambo. Basi mstari wa "Ndio Mzee" una wazee wake. Anayesema hauna ukoo hajafungua kabati la vitabu vyake mwenyewe.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu inajivika ujasiri. Eti hakutaja majina. Msanii wa kweli wa harakati anataja: waziri fulani, mwaka fulani, fedha kiasi fulani. Asiyetaja ameogopa.

Nina heshima kwa waliotaja, na kwa walioumia hata bila kutaja. Tanzania hii tumeona gharama zake. Aprili 2017 Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa studio Dar es Salaam na watu wasiojulikana, wakapatikana siku ya tatu. Mwaka 2018 Joseph Mbilinyi, Sugu, akiwa mbunge wa Mbeya Mjini, alifungwa miezi mitano kwa maneno ya jukwaani kuhusu Rais. Hakuna anayekaa kwenye kochi mwenye haki ya kumwambia mwenzake angeongea zaidi. Hilo ni la kwanza.

La pili ni kwamba jina si lazima liwe kipimo. Chukua kisa cha Nay wa Mitego, Machi 2017. Alitoa "Wapo", akakamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo huo. Kesho yake akaachiwa. Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo, anataka upigwe, na anashauri uboreshwe kwa kuongezewa maovu mengine: wakwepa kodi, wauza dawa za kulevya, wazembe. Watu tulishangilia. Mimi nilibaki nimeduwaa. Msikilizaji mwenye nguvu kuliko wote nchini alikuwa ametoa maoni yake kuhusu wimbo wa siasa, na maoni yenyewe yalikuwa ongeza majina kwenye orodha. Asubuhi wimbo ni kosa la jinai, jioni ni wimbo mzuri, na kilichobadilika katikati si mstari hata mmoja wa wimbo. Kilichobadilika ni mzee mmoja kusema ndio, na wengine wote wakaitikia.

Ona hapo jinsi mamlaka yanavyosikiliza. Yanasikiliza wimbo kama orodha ya watuhumiwa, na orodha daima inaweza kuongezwa jina la adui wa leo. Wimbo wa majina unaweza kuazimwa na mwenye nguvu yeyote. "Ndio Mzee" ni vigumu kuuazima. Mgombea yule hana jina, hana chama, hana rangi ya shati. Huwezi kusema huyu ni wa upande ule. CCM wanapaza "kidumu", umati unajibu "kidumu". CHADEMA wanaita "peoples", umati unajibu "power". Tulikotoka tuliwahi kuimba zidumu fikra za Mwenyekiti, na fikra zenyewe wengi hatukuzijua. Hakuna chama kinachoweza kuucheza wimbo huu kwenye mkutano wake bila kujikata mguu. Uniambie sasa, ni woga upi huo unaomnyima kila mwanasiasa nafasi ya kuutumia?

Tunakuja kwa mheshimiwa. Mwaka 2015 Professor Jay aligombea ubunge Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Mwaka 2020 akakikosa kiti, katika uchaguzi ambao upinzani ulitoka Bara na viti vya kuhesabu kwa vidole. Tangu apande jukwaa la kampeni, wimbo wake umegeuzwa fimbo ya kumchapia: si ulikuwa unawasema, sasa na wewe umeahidi nini? Wengine husema kabisa kwamba albamu imekufa siku alipoapishwa.

Kumuuliza aliahidi nini na alitimiza nini ni haki ya watu wa Mikumi, tena ni wajibu wao. Angeshangaa wasingemuuliza, ndicho alichowafundisha. Lakini kusema albamu imekufa kwa sababu mtunzi ameingia Bungeni ni kutojua historia ya ushairi wa Kiswahili hata ukurasa mmoja. Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa Meya wa Dar es Salaam na kisha waziri. Saadani Kandoro alikuwa mwanasiasa wa TANU na malenga kwa wakati mmoja. Muhammed Seif Khatib alikuwa mbunge wa CCM na waziri, na diwani yake ya Wasakatonge imefundishwa sekondari. Watoto wameijibia mtihani, wamepata alama, na sijasikia mwalimu aliyesema mashairi yale yafutwe kwa kuwa mtunzi alipanda gari la serikali. Kwa nini sheria hii tumtungie mwana hip hop peke yake? Nadhani najua. Malenga tunamruhusu awe mtu mkubwa. Mchanaji tunataka abaki kijana wa kijiweni, mwenye njaa, anayepiga kelele kwa niaba yetu wakati sisi tumekaa. Akisimama agombee, ametunyima mtu wa kutusemea, na hatujamsamehe.

Hapa ndipo msomaji makini ataniwekea kizuizi, na nakiheshimu kizuizi chake. Atasema: wewe unawalaumu wanyonge. Mama aliyesimama uwanjani hakwenda kwa ujinga. Alipandishwa kwenye lori, akapewa kanga na kofia, labda na nauli ya kurudi na kitu kidogo cha watoto. Balozi wa nyumba kumi anamjua kwa jina. Asipoitikia ataonekana. Ndio yake si imani, ni namna ya kupita salama. Sasa unamcheka?

Simcheki, na sioni kama albamu inamcheka yeye. Sikiliza kilivyogawanywa. Mgombea amepewa mistari mingi, na umati umepewa mmoja. Huo mgawo ndio siasa yenyewe ya wimbo. Aliyeandika hakusema watu hawa hawana akili. Amewaonyesha wakiwa wamepewa maneno mawili tu ya kujibia maisha yao yote, na moja ya hayo mawili ni la heshima kwa mkubwa. Mtoto wa Kiswahili anafundishwa "mzee" pamoja na shikamoo. Ni neno zuri, la nyumbani, na ndiyo maana linafaa kufungia mdomo. Jibu linaloanza na ndio na kuishia na mzee limeziba sehemu zote mbili: hujapinga hoja, na hujamkosea adabu mwenye hoja. Ofisini ni hivyo. Msikitini na kanisani ni hivyo. Kwenye kikao cha ukoo cha kugawana shamba ni hivyo hivyo, na ndipo wajane wanapoachwa mikono mitupu huku kila mtu akiwa ameonyesha adabu.

Kwa hiyo mama wa kwenye lori nina sababu ya kumwelewa. Ambaye sina sababu ya kumwelewa ni mimi na wewe. Sisi hatukubebwa na lori. Tuna vitabu, tuna bando, tuna muda wa kubishana usiku kuhusu vina na mizani. Na bado tazama tunavyofanya kwenye nyumba yetu wenyewe ya fasihi. Uzinduzi wa kitabu: mgeni rasmi anakuja amechelewa saa mbili, hajasoma hata jalada, anahutubia dakika arobaini juu ya umuhimu wa kusoma, na ukumbi wa waandishi unapiga makofi. Uhakiki: mwandishi mkubwa akitoa riwaya dhaifu, tunaandika kwamba ameonyesha ukomavu. Utangulizi wa diwani unaandikwa na mtu ambaye kazi yake ni kusema kijana huyu ana kipaji, ukurasa mmoja na nusu, tarehe, sahihi, cheo. Kijana akimkosoa mkongwe anaambiwa hana adabu, na hoja yake haiguswi. Kiitikio chetu kina maneno mengi zaidi ya kile cha uwanjani, kina marejeo na kina tai shingoni, lakini biti ni ile ile.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaohema kwa kukumbuka enzi. Kuhema huku ni starehe. Ukisema siku hizi hakuna muziki wa namna ile, umeihamishia albamu makumbusho, umeifungia kioo, na huna haja tena ya kuijibu. Wakati wimbo haukuomba ukumbukwe. Uchaguzi tumefanya 2005, tukaambiwa maisha bora kwa kila Mtanzania, na aliyetuambia akapata asilimia 80 ya kura. Tumefanya na nyingine baada ya hapo, na kaulimbiu zake unazijua, huenda fulana yake bado unalalia. Sisemi waliopiga kura walikosea. Kura ni ya mtu. Nauliza tu: siku ya tatu baada ya kuapishwa, nani kati yetu aliandika orodha ya ahadi na kuibandika ukutani? Duka la mtaani lina daftari la madeni. Mangi anajua nani anadaiwa nusu kilo ya sukari tangu mwezi uliopita. Taifa zima halina daftari la ahadi, na tunashangaa kwamba mkopaji anarudi kila miaka mitano akitabasamu.

Na wale wanaouliza wimbo umebadilisha nini, wanaouliza kwa dharau, wanaudai wimbo kazi ambayo si yake. Wimbo hauchimbi kisima. Ulichofanya ni kukipa kitu jina. Leo mtu akikubali kila kitu kazini tunasema huyo ni ndio mzee, na kila mtu anaelewa bila maelezo. Jina hilo ni chombo. Kisu kikiwa jikoni na nyama haikukatwa, asilaumiwe mhunzi.

Sitaki kumaliza kwa kusema tuwe majasiri, maana neno hilo nalo tumelipigia makofi mpaka limechakaa. Nina jaribio dogo tu, halina gharama wala halihitaji kibali. Itafute albamu. Ukifika kwenye "Ndio Mzee", sikiliza kama mtu aliyesimama uwanjani. Mgombea akimaliza ahadi yake ya kwanza na zamu yako ikafika, nyamaza. Najua ni vigumu, mdomo utafunguka wenyewe; umezoea. Nyamaza ya pili, nyamaza ya tatu. Utasikia jambo ambalo hukulisikia miaka yote uliyokuwa unaimba: mtu mmoja yuko jukwaani, anazungumza habari za maziwa na mwezi, na anaendelea kungoja ajibiwe.